Tumestaafu, tunataka kuzunguka Sri Lanka kwa gari: tuanzie wapi?

*"Mimi na mume wangu ni wakaazi wa Mombasa, sote wawili tumestaafu. Tumeweka akiba ya kwenda Sri Lanka kwa wiki tatu mwezi wa Disemba, kabla magoti hayajatukatalia. Tunataka kuzunguka kisiwa chote kwa gari, pole pole: tutoke Colombo, twende Jaffna, tushuke Trincomalee, tupite Galle, kisha tupande milimani kwenye mashamba ya chai. Mume wangu ameendesha magari maisha yake yote. Anasema kisiwa chenyewe ni kidogo, kutoka ncha hadi ncha hakufiki Nairobi, kwa hiyo ataendesha mwenyewe. Disemba tumeichagua kwa sababu ni kaskazi, hakuna mvua. Nina wasiwasi wa mambo mawili. Ana presha, na sijui milima itamfanya nini. Halafu binti yetu anasisitiza tukodi gari pamoja na dereva, na baba yake hataki hata kulisikia. Nani yuko sawa?"*

Dada yangu, hongereni kwa kustaafu salama na kwa kuikumbuka safari hii mkiwa bado na nguvu zake. Umeuliza mambo mawili, la presha na la dereva, na yote nitayajibu. Lakini naanza na jambo ambalo hukuliuliza kwa sababu nyumbani kwenu limeshaamuliwa: Disemba. Mkikosea hapo, hata dereva bora wa kisiwa kizima hatawafaa.

Mtu aliyelelewa Mombasa anaijua kaskazi kuwa ni jua, joto na bahari iliyotulia. Si ajabu akadhani upepo huo ni mkavu kila unapofika. Ila upepo hubeba kile ulichokipitia njiani. Kaskazi inayotufikia sisi imetoka upande wa Arabuni na kupita ukingoni mwa Somalia, nchi kavu zote mbili, ndiyo maana inatufikia mikono mitupu. Kaskazi inayofika Sri Lanka imevuka Ghuba ya Bengal, maji matupu, na inatua imejaa unyevu. Inaipiga pwani ya mashariki kwanza, Trincomalee na Batticaloa, pamoja na Jaffna kule juu. Disemba kwa watu wa upande huo ni mwezi wa mvua kubwa.

Halafu kuna milima. Iko katikati ya kisiwa kuelekea kusini, na kilele chake kirefu zaidi, Pidurutalagala, kina mita 2,524. Upepo ukiigonga milima hiyo hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa huangusha maji. Ni kama nguo mbichi iliyokamuliwa: maji yote humwagikia upande mmoja, na ikifika upande wa pili imebaki unyevunyevu tu. Hivyo mnaweza kuwa Galle mnaota jua huku Trincomalee barabara zimejaa maji, siku hiyo hiyo, kisiwa hicho hicho. Kuanzia Mei hadi Septemba mambo hugeuka. Kusi yetu ikishavuka ikweta hupinda na kuwafikia wenzetu ikitokea kusini-magharibi, inainyeshea Colombo, Galle na miteremko yote ya upande huo, na zamu ya kukauka inakuwa ya mashariki. Kati ya misimu hiyo yapo maleleji, majira ya upepo kugeuka. Yale ya Oktoba na Novemba ndiyo mabaya: mvua za radi karibu kisiwa kizima, na vimbunga vya Ghuba ya Bengal vinaweza kuja mpaka Disemba. Huo ndio wakati wa maporomoko ya ardhi milimani, Badulla, Nuwara Eliya na Kandy, barabara zikafungwa na reli ikakatika.

Kwa hiyo ile duara yenu, ya kuanzia Colombo na kurudi Colombo kwa kupitia kila pwani, haina msimu wake hasa. Machi ndiyo inayokaribia. Ushauri wangu ni muache kukizunguka kisiwa chote. Chukueni nusu moja na muikae vizuri. Mkiweza kusogeza tarehe hadi kati ya mwisho wa Januari na Machi, nusu yenu ni magharibi, kusini na milima. Kama mnafunga, tazameni kalenda kwanza, maana miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na inazidi kurudi nyuma kuelekea Januari; mwaka wa namna hiyo ningengoja Idd ipite kisha nipande ndege. Kama ni lazima iwe Disemba kwa sababu ya watoto au tiketi, nendeni baada ya tarehe 20, mkae zaidi pwani ya kusini, na milimani muache siku za akiba. Jueni pia kwamba hapo ndipo wageni wanapokuwa wengi na vyumba bei juu.

Jaffna na Trincomalee ziwekeni kwa safari nyingine, Juni hadi Agosti. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu kule kaskazini-magharibi, Mannar, kuna mibuyu. Inasadikiwa kwamba wafanyabiashara Waarabu ndio walioipeleka kutoka upande wetu huu, na mtu wa Mombasa akisimama chini yake hahitaji kuelezwa ni mti gani. Lakini kuiona ukiwa umelowa, baada ya siku mbili garini, hakufidii kitu.

Sasa ukubwa. Shemeji yuko sawa kwenye ramani: kisiwa kina kilomita za mraba 65,610, karibu sawa na kaunti yetu ya Marsabit, na urefu wake ni kama kilomita 430. Anachokosea ni kukihesabu kwa kipimo cha barabara ya Nairobi. Ile ni kilomita 480, na ukishaipita Mazeras na Mariakani na malori yake, gari linakwenda. Sri Lanka ina watu zaidi ya milioni 20 kwenye hicho kipande, na wengi wao wamejenga kando ya barabara. Unatoka mji mmoja hujajua kama umetoka, mara uko kwenye mwingine: maduka, shule, mabasi yanayosimama, tuk-tuk, baiskeli, mbwa aliyelala katikati ya lami. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa mijini na 70 nje ya miji, na hata hiyo 70 huipati mara nyingi. Colombo hadi Kandy ni kama kilomita 115, tengeni saa tatu hadi nne. Kandy hadi Nuwara Eliya hazifiki 80, na bado ni karibu saa tatu, kona juu ya kona. Barabara za kulipia kama ile ya kutoka Colombo kwenda kusini ndizo zinazoruhusu 100, na hizo kweli ni raha, ila huoni kitu.

Hesabu ninayowapa watu ninaowapangia safari ni kilomita 30 kwa saa, chini ya hapo milimani, na siku isizidi saa nne za gari. Tena siku mbili za kusafiri zisifuatane. Mkiiheshimu hiyo, wiki tatu zinatosha vituo sita au saba, na mtapata kile mlichokitaka mlipoandika "pole pole". Mkiivunja, mtakuwa watu wa kufungasha mabegi kila asubuhi.

Tuje kwa dereva, na hapa namwomba shemeji naye asome. Kwanza haki yake: Sri Lanka wanaendesha kushoto kama sisi, usukani kulia, kwa hiyo yeye ana nafuu ambayo Mjerumani au Mmarekani hana. Na mtu aliyezoea matatu za Mombasa hatatishwa na honi. Kisheria inawezekana pia. Atahitaji kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hapa Kenya hutolewa na AA, chama cha wenye magari, kisha leseni yake itambuliwe na mamlaka za kule kabla ya kugusa usukani. Utaratibu wa hatua hiyo ya pili umekuwa ukibadilishwa, kwa hiyo muulize mwenye gari kwa maandishi: "Nina leseni ya Kenya, nahitaji karatasi gani?" Asipojibu waziwazi, tafuteni mwingine. Bila karatasi hizo, ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa, na hilo ni balaa la kulibeba ugenini.

Linaloniweka upande wa binti yenu ni mambo ambayo miaka ya usukani haimfundishi mtu. Mabasi ya kule, ya serikali na ya binafsi, hushindana kubeba abiria na hupita magari mengine kwenye kona. Gari linalokujia likikumulikia taa, maana yake ni "mimi napita, kaa huko", na ukiielewa kama ruhusa ya kupita wewe, umeingia hatarini. Jioni, maeneo ya Habarana na kule chini kati ya Buttala na Kataragama, tembo husimama barabarani; wengine wamezoea kupewa chakula dirishani na hawapishi gari. Dereva wa pale anajua aongeze mwendo lini na arudi nyuma lini. Msiwape chochote, hata ndizi. Na ile barabara ya kushuka kutoka Ella kwenda Wellawaya ni mteremko mkali. Asiyeshuka kwa gia ndogo breki zake hupata moto na kuishiwa nguvu.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Reli ya milimani, kutoka Nanu Oya, kituo cha Nuwara Eliya, hadi Ella, ni ya kama saa tatu, na ni moja ya njia nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona: treni inakwenda taratibu juu ya mashamba ya chai, milango wazi, wachumaji wenye mifuko mgongoni chini yako kabisa. Mkiwa na dereva, anawashusha kituoni, anazunguka na gari na mizigo, mnamkuta Ella. Mkiendesha wenyewe, mmoja wenu hapandi treni, na namjua atakuwa nani. Ulizeni tu mapema kama njia yote iko wazi, kwa sababu mvua kubwa huiharibu.

Bei? Gari na dereva mara nyingi si ghali zaidi sana kuliko gari peke yake, maana kampuni inaogopa kumpa mgeni gari lake na inalipiza kwenye bima na dhamana. Muandikiane kila kitu: kilomita za kwa siku, nani analipa mafuta, ada za barabara na maegesho, dereva analala wapi na anakula kwa nani. Hoteli nyingi zina chumba cha madereva, lakini si zote, na vyumba vingine ni aibu. Ulizeni, kwa ajili yake na kwa ajili yenu, kwa sababu mtu aliyelala vibaya ndiye atakayewashusha mteremko wa Ella asubuhi. Mwambieni pia tangu siku ya kwanza kwamba hamtaki kupelekwa maduka ya vito wala bustani za viungo za Matale. Madereva hupata kamisheni huko, na mdalasini na iliki mtaikuta sokoni Kandy kwa bei ya watu. Siku mbili za mwanzo, karibu na uwanja wa ndege, ziwe za kumpima. Akiongea na simu huku akiendesha, ombeni mwingine. Msione haya.

Kwa shemeji nina pendekezo. Dereva awafikishe mpaka pwani ya kusini, mmalizane naye Galle kwa heri, kisha siku chache za mwisho shemeji akodi gari dogo, au hata tuk-tuk, maana kule wageni hukodishiwa waendeshe wenyewe kama wana karatasi. Barabara ya ufukweni kati ya Galle na Tangalle ni tambarare, na vituo vya kula viko kila hatua. Atakuwa ameendesha Sri Lanka, na wewe hutakuwa umefumba macho kwenye kona za Nuwara Eliya.

Njia yenyewe ningeipanga hivi. Mkitua, msiingie Colombo. Uwanja wa ndege uko karibu zaidi na Negombo, mji wa wavuvi, laleni huko usiku mbili mpaka usingizi ukae sawa. Kisha Dambulla na Sigiriya, ule mwamba wenye ngome ya kale juu yake, usiku nne, bila kuhama, mkitoka kwenda kwenye miji mikuu ya kale, Polonnaruwa siku moja na Anuradhapura siku nyingine. Kandy usiku tatu. Nuwara Eliya mbili zinatosha, kuna baridi kweli, na mtu wa Mombasa asidhani sweta moja itamtosha usiku. Ella au Haputale, nne. Mimi ningechagua Haputale, ni kimya zaidi na ukungu wake unapanda kutoka bondeni mchana ukiutazama. Mshuke Tissamaharama usiku mbili kwa ajili ya wanyama wa hifadhi ya Yala, ingawa kwa Mkenya Yala si lazima, na mkitaka kuiruka sitawalaumu. Zinazobaki zote ni za pwani ya kusini, na angalau tatu ndani ya ngome ya Galle.

Galle nataka muipe nafasi. Wareno waliianza, Waholanzi wakaichukua mwaka 1640 na kuijenga upya, na ndani ya kuta zake watu bado wanaishi, wanafungua maduka, wanapeleka watoto shule. Saa kumi na moja jioni, jua likipungua makali, watu hupanda ukutani kutembea. Upande wa mnara wa taa kuna msikiti mweupe, adhana ya magharibi inatoka hapo na bahari iko chini yako. Aliyekulia Mji wa Kale na Fort Jesus hatajihisi mgeni. Kuhusu chakula cha halali msiwe na shaka, Waislamu ni karibu mmoja kati ya kila watu kumi, na Galle, Kandy na Beruwala hamtahangaika. Njiani simameni kwa madafu: kule yana rangi ya machungwa, muuzaji analifyeka juu kwa panga, na mkishakunywa mrudishieni alipasue, awachongee kipande cha ganda lake la nje mkombee nyama.

Kitu kimoja cha kuwaonya: kila mwezi mpevu ni sikukuu ya Wabudha, Poya, na siku hiyo maduka mengi hufungwa, mahekalu hujaa na barabara za Kandy hazipitiki. Pangeni kukaa mahali pamoja. Kuanzia Poya ya Disemba hadi Mei ndio msimu wa mahujaji kupanda Kilele cha Adamu, mlima mtakatifu wa mita 2,243. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliupanda mlima huo mwaka 1344. Ngazi zake ni zaidi ya 5,000, hupandwa usiku, na kwa magoti uliyoyataja nasema hapana. Utazameni kutoka mbali. Sigiriya nayo ina ngazi kama 1,200. Anayechoka abaki kwenye bustani za chini, ni nzuri mno na watu wengi huzipita mbio.

Presha sasa. Hofu ya urefu wa milima iondoe. Nuwara Eliya iko mita 1,868 juu ya bahari, Nairobi iko karibu 1,800. Kama shemeji huenda Nairobi na kurudi bila tatizo, Nuwara Eliya haitamfanyia jipya. Vitu vya kuangalia ni vingine: dawa kurukwa, chumvi, joto na kukaa garini muda mrefu. Sri Lanka wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo mkubaliane na daktari dawa zinywewe saa ngapi kule. Zibebeni kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, na barua ya daktari, za kutosha hata mkichelewa wiki. Chakula chao ni kitamu na cha nazi kama chetu, lakini samaki mkavu na achari zao zina chumvi nyingi. Kila saa moja na nusu shukeni garini mtembee. Na kabla ya kulipa tiketi, aende kwa daktari wake mwenyewe akapimwe. Hilo mimi siwezi kulifanya kwa kuandika. Kama siku za karibuni amekuwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kubadilishiwa dawa, safari ingoje mpaka daktari aseme.

Karatasi ni chache: ombeni idhini ya kuingia kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Sri Lanka, msipitie mawakala wanaoiga tovuti hiyo, na mwe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kuwa mnatoka Kenya. Kama hamjachanja, fanyeni si chini ya siku kumi kabla ya kuondoka. Bima ya safari itaje presha kwa jina. Msiifiche, kwa sababu wakigundua hawatalipa.

Na hili la mwisho nalisema kwa mkazo. Sri Lanka ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 kuwa haina malaria. Ni habari njema kwao, lakini ina maana kwamba mmoja wenu akipata homa wiki ya kwanza, daktari wa kule huenda asiiwazie malaria. Atawaza homa ya dengi, ambayo kule ipo kwa wingi. Huenda mmebeba vimelea kutoka nyumbani bila kujua. Kwa hiyo homa yoyote, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, semeni neno la kwanza kabisa kwamba mmetoka Mombasa, na mwombe vipimo vyote viwili. Mpaka majibu yatoke, msitumie aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ikiwa ni dengi zinaongeza hatari ya kutoka damu, parasetamoli inatosha. Ambulensi ya bure ya kule inaitwa kwa namba 1990 na polisi ni 119. Ziandikeni nyuma ya simu zenu zote mbili kabla ya kupanda ndege.